Safu ya Maswali: Kukamatwa kwa Hiari kwa Ajili ya Mgonjwa

Barua zinazofuata zinahusu jambo moja: watu wanaovunja sheria kwa amani, hadharani, ili wagonjwa wanaotumia bangi kama dawa wasisumbuliwe. Nyingi zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, ambako mapambano haya yana historia ndefu. Tumefupisha maswali, majibu tumeyaacha marefu pale yanapostahili.

SWALI: Salaam alaikum wahariri. Namuuguza mume wangu mwenye saratani, tunaishi Oakland. Nimesikia kwamba Santa Cruz wagonjwa waliwahi kugawiwa bangi mchana kweupe mbele ya ofisi za jiji na hakuna aliyefungwa. Ilikuwaje? (Mama S., Oakland)

JIBU: Waalaikum salaam mama, na pole kwa kuuguza. Pale Santa Cruz palikuwa na sheria mbili juu ya shamba moja. Novemba 1996 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 215 kwa asilimia 55.6, na mgonjwa aliyeshauriwa na daktari akapata ruhusa ya kulima na kutumia bangi. Lakini sheria ya serikali ya shirikisho ya mwaka 1970 ilibaki vilevile. Iliiweka bangi Daraja la Kwanza, kapu moja na heroini, ikihesabiwa haina kazi yoyote ya tiba. Polisi wa jimbo akikupita, afisa wa shirikisho anaweza kukubeba.

WAMM, kikundi cha wagonjwa wa Santa Cruz, kilianzishwa mwaka 1993 na Valerie Corral, mwenye kifafa tangu ajali ya gari mwaka 1973, pamoja na mumewe Mike. Walilima kwa pamoja na kugawiana bila kutoza, na wanachama wengi walikuwa wagonjwa wa kufa. Asubuhi ya 5 Septemba 2002 maafisa wa DEA, idara ya shirikisho ya kupambana na dawa za kulevya, walivamia, wakang'oa miche 167 na kuwapeleka wenyeji hao wawili San Jose. Mgonjwa mmoja aliyepooza kwa polio alitiwa pingu kitandani mwake. Habari zilipoenea, wagonjwa na majirani waliziba njia ya kutokea kwa magari yao. Maafisa wakakwama humo kwa saa kadhaa na shehena yao, mpaka pakawa na mazungumzo.

Siku 12 baadaye, 17 Septemba, wagonjwa wachache walijitokeza mbele ya ukumbi wa jiji, wengine wakiwa kwenye vitimwendo, wakapokea dawa yao mbele ya umati, kamera, meya Christopher Krohn na madiwani. Helikopta ilizunguka juu. Hakukamatwa mtu.

Tazama walivyopima. Kila mmoja alipewa kidogo, na bure. Sheria ya shirikisho inasema anayegawa kiasi kidogo cha bangi bila malipo huadhibiwa kama aliyekutwa nayo tu: kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi mwaka 1 na faini isiyopungua dola 1,000. Ukipokea hata dola 5 za "mchango wa usafiri", umeuza, na hesabu inageuka. Shambani ndiko walikokuwa kwenye hatari kubwa zaidi, maana miche 100 au zaidi ina kifungo cha lazima kisichopungua miaka 5. Kina Corral hawakufunguliwa mashtaka kamwe. Sisi tunaamini hakuna mwendesha mashtaka aliyetaka kuwaonyesha raia wa Santa Cruz watu wale kizimbani. Lakini usilichukue hilo kama kanuni. Mji mwingine, mwaka mwingine, wangefungwa.

SWALI: Mimi nina grini kadi, nipo Minneapolis, asili yangu Bukavu. Rafiki zangu Wamarekani wataketi mlangoni mwa ofisi ya serikali ya shirikisho kutetea wagonjwa, wakijua watakamatwa. Nataka kuketi nao. Mnasemaje? (Ndugu J.)

JIBU: Ndugu, usiketi. Tunajua jibu hili linauma, lakini mwenzako Mmarekani analipa faini na kulala kwake. Wewe unaweza kulipa kwa makazi yako.

Uhamiaji unatazama sheria ya shirikisho, hata kama Minnesota imeruhusu. Mwenye grini kadi akipatikana na hatia ya bangi anaweza kufukuzwa nchini, isipokuwa ni kosa moja tu la kuwa nayo kwa matumizi yake, gramu 30 au pungufu. Unafuu huo usikudanganye. Ukisafiri kwenda kuzika Bukavu, ukirudi unaweza kuulizwa uwanja wa ndege kwa kipimo kingine, kile cha anayeomba kuingia, na huko gramu 30 hazikuokoi peke yake. Hukumu si lazima iwepo. Kukiri kwa mdomo mbele ya afisa kwamba uliwahi kuwa nayo kwaweza kutosha. Tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imeandika wazi kwamba shughuli za bangi, hata ajira kwenye duka lenye leseni ya jimbo, zinaweza kumnyima mtu uraia kwa hoja ya tabia njema.

Utasema: mimi nitaketi tu, sina bangi mfukoni. Kweli, kuziba mlango si kosa la dawa za kulevya. Lakini kila kukamatwa utakuandika kwenye fomu ya uraia, hata mashtaka yakifutwa, na atakayeisoma atauliza mlikuwa mnatetea nini, na je, wewe mwenyewe unatumia? Hapo ndipo mtu anapojifunga kwa ulimi wake.

Kazi zisizo na pingu zipo, na mara nyingi hukosa watu: kuandika yanayotokea, kuendesha gari la kuwapokea wanaoachiwa, kumtunza mtoto wa aliyeko ndani, kutafsiri. Simama ng'ambo ya barabara, na polisi wakitangaza kwamba watu watawanyike, ondoka mara ya kwanza. Kabla ya hata hayo, zungumza na wakili wa uhamiaji. Wa jinai peke yake hatoshi, maana wengi wao watakushauri ukiri kosa dogo ili uende nyumbani, na kosa hilo dogo ndilo litakalokufuata.

SWALI: Tupo 12, wote raia, tumeamua kuketi mlangoni mwa jengo la shirikisho hapa California hadi tukamatwe. Tujipange vipi? Wawili wetu ni wagonjwa. (Kikundi cha San Jose)

JIBU: Tuanze na wale wawili. Mgonjwa aonekane, aongee, apigwe picha; wa kukamatwa awe mzima wa afya. Mahabusu kwa kawaida hunyang'anya dawa zote mlangoni, na daktari wa ndani huchukua muda wake. Mwenye kifafa, mwenye kisukari anayejidunga insulini au anayekwenda kusafishwa damu asiketi, hata akilia kutaka. Akikataa kabisa kubaki nje, abebe chupa halisi zenye lebo ya famasia na barua ya daktari, na wakili apewe nakala kabla.

Bangi isiwepo. Msiibebe mfukoni wala kwenye begi, na hata kipande cha jana kilichosahauliwa kwenye koti kitafuteni mkitupe. Kosa la kuziba mlango wa jengo la shirikisho lina kifungo kisichozidi siku 30. Kijana mmoja akikutwa na msokoto, kesi ya mlango inakuwa kesi ya dawa za kulevya, na magazeti ya kesho hayataandika kuhusu wagonjwa tena. Mkiamua siku nyingine kugawa kama Santa Cruz, huo ni mpango tofauti wenye wakili wake: eneo liwe zaidi ya futi 1,000, kama mita 305, kutoka shule, maana ndani ya hapo sheria huongeza adhabu, na asikaribie mtu mwenye bunduki, hata mlinzi wa kukodi.

Kwa kila anayeketi awepo mmoja asiyekamatwa. Watu 12 nje si wengi: mmoja huongea na polisi, mmoja na waandishi, wawili wana madaftari (saa, namba ya beji, maneno ya onyo, nani kabebwa na nani), mmoja hashuki kwenye simu, na wengine hungoja nje ya mahabusu na maji, chakula na koti. Kazi hii ya mwisho ndiyo husahaulika. Mtu huachiwa saa nane usiku, hana simu, hana nauli.

Siku iwe Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi. California inataka mtu afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48, lakini Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Ukikamatwa Ijumaa alasiri, huenda ukaiona Jumatatu ukiwa ndani. Kesi ikichukuliwa na shirikisho, utaratibu ni mwingine, ila hesabu ya wikendi inauma vilevile.

Kila anayeketi aandike namba ya wakili mkononi, juu ya kiwiko, kwa maka peni isiyofutika. Karatasi huchukuliwa na simu huchukuliwa. Simu yenyewe ni bora ibaki nyumbani. Ikibidi, ifungwe kwa tarakimu, si kwa kidole wala uso. Kitambulisho bebeni, maana kwa makosa madogo California polisi huweza kukuandikia hati ya kufika mahakamani na kukuachia, na asiyejitambulisha hubaki. Vaeni miwani badala ya lenzi za machoni. Vueni pete na bangili, kwani pingu za plastiki hubana mkono ukivimba. Zikibana sana, sema mara moja kwa sauti, na alama zipigwe picha siku hiyohiyo.

Kubalianeni mapema: mkiambiwa simameni, mtasimama au mtabebwa? Kulegea kama gunia kunapendeza kwenye picha, lakini polisi anaweza kukuongezea kosa la kumzuia afisa, ambalo kwa sheria ya California linafika mwaka 1 na dola 1,000, na mabega ya mtu wa miaka 60 hayapendi kunyanyuliwa. Wenye umri huo watembee. Fanyeni mazoezi ya saa tatu siku moja kabla: wengine wajifanye polisi, wapige kelele, wawanyanyue wenzao. Atakayerudisha tusi kwenye mazoezi apewe kazi ya simu. Na anayefika asubuhi ya tukio akisema "nami nimo" ashukuriwe, akae nje. Mara nyingi anayeharibu ni huyo.

Acheni njia ya mita moja na nusu upande wenye ngazi mteremko ya vitimwendo. Kuwatetea wagonjwa huku umemzibia mlemavu mlango ni aibu ambayo hakuna msemaji atakayeifuta.

Ndani ya kituo maneno ni machache: "Nataka wakili. Sitajibu maswali." Kisha kimya, hata afisa akiwa mpole na ana kahawa.

SWALI: Kwa nini watu hawa wasiseme tu mahakamani kwamba ilikuwa dawa? (Mwalimu, Houston)

JIBU: Mwalimu, mmoja alisema na akashinda. Robert Randall, aliyekuwa akipofuka kwa glakoma, alikutwa na miche nyumbani kwake Washington, na mwaka 1976 mahakama ikakubali kwamba alilazimika. Hatimaye serikali ile ile iliyomshitaki ikawa inampa bangi iliyolimwa kwa idhini yake. Mlango huo ulifungwa Mei 2001, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, kwa majaji 8 bila hata mmoja kupinga, dhidi ya chama cha wanunuzi wa bangi cha Oakland: utetezi wa lazima ya kitiba hauwakingi watengenezaji na wagawaji wa bangi mbele ya sheria ya shirikisho.

Matokeo yake yalionekana katika kesi ya Ed Rosenthal. Jiji la Oakland lilimteua kuwalimia wagonjwa, lakini mwaka 2003 jopo la raia 12 lililoamua hatia yake halikuruhusiwa kuusikia uhusiano huo. Wakamtia hatiani. Walipotoka na kusoma ukweli, wengi wao waliikana hukumu yao hadharani. Jaji Charles Breyer akampa kifungo cha siku 1, ambayo alikwisha kuitumikia. Kwa hiyo anayeingia mahakama ya shirikisho akitegemea kusimulia maumivu ya mgonjwa ajue jaji anaweza kumnyamazisha kabla hajafika sentensi ya pili. Hadithi husimuliwa nje, kwenye ngazi, kabla na baada.

WAMM wenyewe walipata amri ya Jaji Jeremy Fogel mwaka 2004 ya kuzuia wasivamiwe tena. Msingi wake uliporomoka tarehe 6 Juni 2005, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya mgonjwa Angel Raich, 6 kwa 3, kwamba shirikisho linaweza kumgusa hata anayelima yake nyumbani. Unafuu mkubwa ulikuja kwa njia ya bajeti: tangu Desemba 2014 Congress imeizuia Wizara ya Sheria kutumia fedha kukwamisha sheria za majimbo za bangi ya dawa, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya magharibi ikasema anayefuata sheria ya jimbo lake kikamilifu anaweza kuomba mashtaka yasimamishwe. Kifungu hicho huishi kadiri bajeti inavyokirudisha.

SWALI: Tufanye hivyo Mombasa? (K., Likoni)

JIBU: Kugawa, hapana. Santa Cruz ilikuwa na sheria ya jimbo na meya upande wake. Kwenu hakuna kaunti yenye sheria ya kumlinda mgonjwa, na Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 haina huruma kwa anayegawa. Lakini kuandamana bila silaha na kuwasilisha malalamiko ni haki yenu kwa Kifungu cha 37 cha Katiba. Pelekeni taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, mkitaja jina, saa na njia, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Njia ya mahakama nayo imeshajaribiwa: Jumuiya ya Rastafari ilifungua shauri Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2021, kwa hoja ya imani. Lenu likiwa la tiba, tafuteni kwanza daktari aliye tayari kuapa kwa jina lake.