Ukianza kusoma koo za watawala wa Ujerumani, anza na urithi

Wageni wengi wa somo hili hukimbilia kwa Bismarck, kansela aliyeiunganisha Ujerumani, na kwa Kaisari, mfalme mkuu wa dola hiyo. Mimi nakushauri uanze na jambo linaloonekana dogo: baba aliacha wana wangapi, na ardhi waligawanaje. Hata dola ya Wajerumani ilipoundwa mwaka 1871, ndani yake mlikuwa na tawala 22 za kurithiana, nne zikiwa falme kamili: Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg. Nyingine nyingi zilikuwa vijidola.

Mfano ninaoupenda ni wa Duke (cheo cha chini ya mfalme) Ernst wa Saxe-Gotha, aliyeitwa Mcha Mungu. Alifariki mwaka 1675, na mwaka 1680 wanawe saba wakagawana nchi vipande saba. Kitinda mimba alipata Saalfeld. Mtoto wa kidola kama hicho, hasa akiwa si kifungua mimba, atakula nini? Ataingia jeshi la mtu mwingine, au ataoa vizuri. Leopold, wa kizazi cha huyo kitinda mimba, alifanya yote mawili: akatumikia jeshi la Urusi, mwaka 1816 akamwoa mjukuu wa mfalme wa Uingereza, akafiwa naye mwaka uliofuata, kisha mwaka 1831 akawa mfalme wa Ubelgiji. Ukizisoma ndoa zao kama mapenzi tu, utapotea mapema.

Wengine walisafiri. Yule Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg aliyepita Bukoba na kupokewa na Mwami Musinga wa Rwanda katika msafara wake wa 1907 hadi 1908 hakuwa mtawala wa kwao. Aliyetawala ni mtoto wa kaka yake. Kaka yake mwingine alikuwa mume wa malkia wa Uholanzi.

Sasa majina, ambayo yatakutoa jasho. Katika ukoo wa Reuss kila mwanamume aliitwa Heinrich, na namba walipewa wote waliozaliwa, hata ambao hawakutawala kamwe. Katika tawi la Gera, Heinrich XIV alifariki mwaka 1913 akarithiwa na mwanawe, Heinrich XXVII. Anayeanza hutafuta watawala kumi na wawili wa katikati. Hawapo! Tawi la Greiz nalo lilikuwa na hesabu yake: baba XXII, mwana XXIV. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike jina na namba peke yake. Ongeza tawi na mwaka wa kuzaliwa.

Kwa wanawake kazi ni kubwa zaidi, maana ndoa iliweza kubadili jina na dini kwa pamoja. Sophie wa Anhalt-Zerbst, aliyezaliwa Stettin mwaka 1729, aliingia Kanisa la Kiorthodoksi mwaka 1744 akawa Yekaterina. Ndiye aliyetwaa kiti cha Urusi mwaka 1762. Ukimtafuta kwa jina moja tu, nusu ya maisha yake itakuponyoka.

Na ukikutana na mtu wa leo anayeitwa Prinz au Prinzessin, yaani mwanamfalme au binti mfalme, usishtuke. Tawala zote zilianguka Novemba 1918, na katiba ya 1919 ikaacha vyeo hivyo vibaki kama sehemu ya jina la ukoo. Wapo hata watu wazima waliolipata jina la namna hiyo kwa kuasiliwa, bila tone la damu ya kifalme.