Pima Ua Kabla ya Kupenda Rangi

Kitambaa changu cha kwanza cha mapazia chenye nakshi nzito nilikinunua kikiwa kimekunjwa juu ya meza. Kilikuwa na majani makubwa ya kijani juu ya weupe, na kwenye ule mkunjo wa juu lilionekana jani moja, zima, na mishipa yake yote. Nikalipenda jani lile. Fundi akashona, tukatundika, nikarudi nyuma hadi mlangoni nione kazi, na majani sikuyaona. Niliona vipande vya kijani vilivyokatikakatika ndani ya mikunjo. Pazia la kushoto lilianza juu na ncha ya jani, la kulia likaanza na kikonyo. Fedha ilikuwa imekwisha, kwa hiyo niliishi nayo miaka miwili, na kila asubuhi nilipoyafungua nilijiuliza kosa liko wapi. Rangi ilikuwa sawa. Kitambaa kilikuwa kizuri. Fundi alishona kama nilivyomwagiza.

Kosa lilikuwa kipimo. Pazia lenye mikunjo ya kutosha hutumia kitambaa cha upana kama mara mbili ya dirisha, na karibu nusu ya kitambaa hicho inageukia pembeni au nyuma. Jani lenye upana wa sentimita arobaini halina pa kutokea. Laiti ningekikusanya kitambaa mkononi pale pale dukani, kikunjike kama kitakavyokunjika dirishani, ningeona ndani ya dakika moja kile nilichokuja kukiona baada ya kulipa. Sasa sinunui kitambaa cha pazia bila kufanya hivyo. Kitambaa cha kochi nakitandaza bapa, kwa sababu kwenye kochi kitakaa bapa. Cha sketi ya marinda nakikunja marinda kwa vidole.

Tangu wakati ule, mtu akiniambia anapenda maua makubwa, mistari minene au miraba lakini anaogopa kuyaingiza nyumbani au mwilini, simuulizi anapenda rangi gani. Namuuliza: ua lina ukubwa gani, na litatazamwa kutoka umbali gani? Watu wengi hudhani wanaogopa rangi. Mimi nimeona kwamba mara nyingi kinachowasumbua ni ukubwa usiolingana na kitu kinachoubeba.

Rangi yenyewe hubadilika kufuatana na umbali. Vitone vidogo vyekundu na vya njano vilivyokaribiana vinavutia ukivishika mkononi, lakini ukikaa mita nne mbali jicho linavichanganya na unachobaki nacho ni chungwa iliyofifia. Hubadilika pia kufuatana na jirani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za huko zinaonekana zimepauka. Alipochunguza alikuta nyuzi hazina tatizo. Zilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizowekwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo marefu ya jambo hilo, na hadi leo ndiyo sababu ninayowapa watu ninapowasihi wasiamue dukani. Omba kipande, kipeleke mahali kitakapokaa, kiwe kikubwa kadiri utakavyoruhusiwa. Kipande cha ukubwa wa kiganja hakikwambii lolote kuhusu nakshi ambayo ua lake moja linazidi kiganja.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila anayenunua nakshi kubwa anapaswa kukiuliza kabla ya kuuliza bei, nacho ni marudio: umbali wa kutoka ua moja hadi pale ua lile lile linapotokea tena. Tuchukue marudio ya sentimita 64. Unataka mapazia ambayo kila kipande, pamoja na pindo la juu na la chini, kinahitaji sentimita 220. Kitambaa cha rangi moja ungekata vipande vinne kwa mita 8.8. Chenye nakshi hakikatwi hivyo, maana ukitaka vipande vyote vianze na ua lile lile, kila kimoja lazima kichukue marudio manne kamili, yaani sentimita 256. Vipande vinne vinakula mita 10.24. Ile mita moja na nusu ya ziada ndiyo watu wanayoisahau, kisha fundi anaambiwa "jibane hapo hapo", na mapazia yanatoka na vikonyo upande mmoja na ncha upande mwingine.

Karatasi za ukutani ni kali zaidi. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05. Kwa ukuta wa sentimita 240, ukiacha sentimita kumi za kupunguza juu na chini, roli isiyo na mchoro wa kulinganisha inatoa vipande vinne. Yenye marudio ya sentimita 64 inatoa vitatu, na kinachobaki hakitoshi cha nne. Ukuta unaohitaji vipande vinane ungemalizwa na roli mbili. Sasa unahitaji tatu. Na roli zote zinunuliwe siku moja, zenye namba ile ile ya toleo, kwa sababu toleo jingine la nakshi ile ile linaweza kupishana rangi kidogo, na ukutani tofauti hiyo ndogo huonekana kama mstari wima.

Sasa niseme jambo ambalo najua wengi hawatakubaliana nami. Tumeambiwa chumba kidogo kinataka maua madogo. Nimejaribu yote mawili katika ukumbi mwembamba wa kuingilia, na ninasimama na maua makubwa. Maua madogo yakijaa ukuta mzima yanakuwa mamia, na katika nafasi finyu huwezi kurudi nyuma yakatulia, jicho linahangaika. Nakshi kubwa ina vitu vichache. Ukuta mmoja unabeba maua sita au saba, jicho linayatambua, linatulia. Finland mwaka 1964 msanii Maija Isola alichora nakshi ya Unikko kwa ajili ya kampuni ya vitambaa ya Marimekko, ua la mpopi lililokuzwa na kurahisishwa mpaka likabaki maumbo machache ya rangi, wakati ambapo mwenye kampuni, Armi Ratia, alikuwa ametangaza kwamba hawatachapisha maua. Bado linachapishwa. Nikilitazama naelewa kwa nini: ni kubwa, lakini hakuna kilichozidi ndani yake.

Ukubwa pekee hautoshi, nakshi iwe pia na mifupa. Tazama kazi za William Morris, mchoraji wa nakshi Mwingereza. Zimejaa majani, ndege, matunda, hakuna nafasi tupu, na bado chumba chake hakichoshi. Katika ile nakshi yake ya mwaka 1883 ya ndege wanaoiba stroberi, ndege wamewekwa wawili wawili wakielekeana, na mashina yanapanda kwa mpangilio unaorudi upande huu na upande ule. Jicho lina njia ya kufuata. Nakshi iliyotawanywa ovyo, hata ikiwa na rangi mbili tu, inachosha haraka kuliko hiyo. Ninapojaribu kitambaa kipya nakunja macho nusu mpaka maua yapotee, nione kama inabaki njia yoyote: mlalo, wima, mshazari, miduara. Nikibaki na ukungu tu, nakirudisha.

Kuchanganya nakshi mbili au tatu chumba kimoja ndiko kunakoulizwa zaidi, na kwangu jibu ni fupi. Moja iwe kubwa na itawale. Ya pili iwe ndogo waziwazi, isikaribiane na ya kwanza, kwa sababu maua mawili ya ukubwa unaolingana yanagombana hata yakiwa na rangi moja. Ya tatu iwe mistari au miraba, kitu kilichonyooka. Rangi moja ipite kwenye zote tatu. Halafu acha sehemu kubwa isiyo na chochote: ukuta, zulia, kochi, mojawapo. Anayeanza na aanzie kwenye foronya za mito ya kochi, maana zinabadilishika bila majuto makubwa.

Mahali ninapokuwa mkali ni sakafuni. Mama yangu alikuja kukaa nami wakati macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Ngazi zangu zilikuwa na zulia la miraba ya buluu nzito na nyeupe ambalo nililipenda sana. Siku ya tatu nilimkuta amesimama katikati ya ngazi, ameshika ukuta kwa mikono miwili, hajui kidato kinachofuata kinaanzia wapi. Miraba ilikuwa imefuta kingo zote. Nikaenda kusimama mahali pake, nikakunja macho, nikaona alichokuwa anakiona, moyo ukaniuma. Zulia lile liliondoka wiki hiyo hiyo. Mtu mwenye uoni hafifu hupoteza kingo za vidato ndani ya nakshi, na mtu mwenye maradhi ya kusahau anaweza kuliona doa jeusi la zulia kama shimo, akakataa kulikanyaga au akaruka. Kama nyumbani kwako kuna mzee, nakshi zipande ukutani na kwenye mito. Sakafu iwe ya rangi moja, na kingo za ngazi ziwe na rangi tofauti na vidato.

Mistari myembamba ya nyeusi na nyeupe iliyobanana nayo naiogopa, hata ukutani. Kwa watu wenye kipandauso inaweza kuwaletea maumivu, na kwa baadhi ya wenye kifafa kinachochochewa na mwanga au michoro ni hatari ya kweli. Ipanue mistari, au punguza ukali kwa kutumia rangi ya maziwa na kahawia badala ya nyeupe na nyeusi kabisa.

Tuje kwenye nguo, ambako sheria ni zile zile ila kitu kinachobeba nakshi kinatembea.

Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, msanii Mwingereza Norman Wilkinson alishauri meli zipakwe mistari na pembe za rangi zinazokinzana. Hakutaka zisionekane, zilionekana waziwazi. Alitaka nahodha wa nyambizi ashindwe kujua meli inaelekea wapi na kwa kasi gani, kwa sababu nakshi nzito huvunja umbo la kinachoibeba. Ndivyo inavyofanya kwenye gauni. Dati, yaani mikunjo midogo inayoshonwa ili gauni lifuate mwili, vipande vya kiunoni, kola iliyohangaikiwa siku nzima, vyote humezwa na maua. Nilipata kushonewa gauni la maua makubwa lenye vipande kumi na vinne, mshono wa ustadi mkubwa, na hakuna aliyeuona. Kitambaa chenye kelele kipe mshono mtulivu: gauni la vipande vichache, sketi iliyonyooka, shati pana. Ustadi wa fundi uweke kwenye kitambaa cha rangi moja, utaonekana.

Pale mshono wenyewe ukigeuzwa kuwa nakshi, ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1965 mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent alitoa magauni yaliyofuata picha za mchoraji Piet Mondrian, miraba ya rangi iliyogawanywa na mistari mieusi. Kitambaa hakikuchapishwa. Kila mraba ulikatwa na kuunganishwa, na mishono inayolifanya gauni lifuate mwili ikajificha humo ndani ya mistari. Sijui fundi wa nguo anayeitazama kazi hiyo kwa karibu asinyamaze kwanza.

Kabla fundi hajakata, simama naye. Tandazeni kitambaa mezani, mkubaliane ua kubwa litue wapi. Ua moja katikati ya kifua upande wa kushoto na nusu ya ua upande wa kulia litakusumbua kila utakapojitazama kwenye kioo, na duara lililotua kwenye ncha ya ziwa halirekebishiki tena. Angalieni pia kama maua yana juu na chini. Yakiwa yameelekea upande mmoja, vipande vyote vikatwe vikielekea huko, na hilo linakula kitambaa zaidi, kwa hiyo ongeza kabla, usisubiri kuambiwa hakitoshi.

Kuhusu mistari ya kulala kwamba inanenepesha, ningependa tuiache imani hiyo ipumzike. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani, alionyesha tangu mwaka 1867 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu zaidi na mwembamba kuliko mraba ule ule uliojazwa mistari ya wima. Mwili si mraba, una mizunguko yake, kwa hiyo sikuahidi utaonekana mwembamba. Nakuomba tu ujaribu nguo yenyewe badala ya kuiacha kwa kuogopa maneno. Mimi nilijinyima mistari ya kulala tangu ujana wangu, na blauzi ninayoivaa zaidi sasa ni ya mistari minene ya kulala, nyekundu na nyeupe.

Kwa wanaokutana na watu kupitia kamera: miraba midogo na mistari myembamba sana hutetemeka kwenye skrini. Maua makubwa hayafanyi hivyo.

Hapa ukutani kwangu sasa kimening'inia kipande cha mita moja na nusu, komamanga kubwa za rangi ya udongo juu ya buluu ya usiku, marudio sentimita 72. Nimekibandika kwa pini kando ya dirisha linalosubiri mapazia, na nimekikusanya kwa mikunjo ya kweli, si bapa. Leo ni siku ya sita. Nimekiona asubuhi, nimekiona chini ya taa, nimekiona nikiwa nimechoka. Komamanga moja kati ya mbili inabaki nzima kwenye mikunjo. Nimeandika vipimo kwenye karatasi, marudio matatu na nusu nimeyapandisha yawe manne, na kesho naenda kuagiza.