Amfoterisini B wodini: vichupa viwili vyenye jina moja, na kwa nini dawa iliganda kwenye mrija

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini amfoterisini B, dawa ya kuua fangasi, ilifanya chembe nyeupe kwenye mrija wa dripu kabla haijamfikia mgonjwa wenu mwenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi (kriptokokasi). Pili, kama vichupa vipya vilivyoandikwa "liposomal" ambavyo famasi imewaletea vinapewa kwa dozi ileile ya vile vya zamani. Naanza na la pili kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuua mtu ndani ya saa chache.

Hapana, dozi si moja. Amfoterisini B ya kawaida, ile ya deoksikoleti, hupewa miligramu 0.7 hadi 1 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa siku, na haitakiwi kabisa kuvuka miligramu 1.5 kwa kilo. Ya liposomu, iliyofungwa ndani ya viputo vidogo vya mafuta, hupewa miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku, na kwa ugonjwa huu wa kriptokokasi kwa mtu mwenye VVU, mwongozo wa WHO wa 2022 unataka dozi moja tu kubwa ya miligramu 10 kwa kilo, basi. Sasa fanya hesabu ya mgonjwa wa kilo 50. Ya kawaida ni 50 mg, ya liposomu ni 500 mg. Ukimpa 500 mg za ile ya kawaida, moyo na kupumua vinaweza kusimama. Na vichupa vyote viwili vina 50 mg, vyote ni dawa ya njano, vyote vimeandikwa amfoterisini B.

Kwa hiyo, daktari akiandika kwenye faili "amfoterisini B" peke yake, rudisha faili aandike ni ipi, hata kama ni saa nane usiku na amekwisha kulala. Famasi wasiziweke rafu moja. Ya kawaida inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Ya liposomu inakaa nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 25, jambo ambalo kwa Tanga au Mombasa bila kiyoyozi halipatikani, na hapo ndipo zote mbili huishia kwenye friji moja na hatari inaanza. Wekeni visanduku tofauti vyenye maandishi makubwa. Kuna kipimo kimoja rahisi cha kujikagua: kwa ile ya kawaida, mgonjwa mzima asiyezidi kilo 100 hahitaji zaidi ya vichupa viwili kwa siku. Ukijikuta unafungua cha tatu, simama, soma lebo upya, mwite mwenzako naye asome.

Sasa zile chembe nyeupe. Amfoterisini haiyeyuki kwenye maji. Kinachoishikilia isitulie chini ni deoksikoleti, chumvi ya nyongo, na mshikamano huo unavunjika mara tu dawa inapokutana na chumvi ya kawaida. Naamini kwenu ilitokea hivi: mgonjwa aliwekewa kwanza lita ya dripu ya chumvi 0.9% ya kulinda figo, jambo sahihi kabisa, halafu dawa ikaunganishwa kwenye mrija uleule ukiwa bado na chumvi ndani. Safisha mrija na kanula kwa dekstrozi 5% (dripu ya sukari) kabla ya dawa na baada ya dawa, mililita 20 zinatosha, au badilisha mrija kabisa. Ikishaganda, itupe. Usiichuje, usiitikise ukitumaini itarudi, maana hujui mgonjwa atapata kiasi gani. Haya yanahusu ya liposomu pia: nayo haitaki chumvi. Potasiamu iingie kwenye dripu ya chumvi, kamwe si kwenye mfuko wa dawa, na antibiotiki ya seftriaksoni isipite kwenye mrija huo wakati dawa inaingia.

Kuandaa ile ya kawaida: ingiza mililita 10 za maji ya sindano kwenye kichupa cha 50 mg. Yawe maji matupu, yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa sababu nayo inagandisha. Tikisa mpaka iwe angavu. Hapo kila mililita ina 5 mg. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji 60 mg, yaani mililita 12: kichupa kizima na mililita 2 za cha pili. Ziingize kwenye lita moja ya dekstrozi 5%. Kanuni ni kwamba kwenye mshipa wa mkono mchanganyiko usizidi 0.1 mg kwa mililita, kwa hiyo 50 mg ndiyo mwisho wa mfuko wa mililita 500. Ikiwa nzito zaidi ya hapo mshipa unawaka na kuvimba, na kesho hupati pa kuchoma. Pitisha kwa saa 4. Kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, lita kwa saa 4 ni kama matone 83 kwa dakika. Usiikimbize ili zamu iishe mapema: ikiingia chini ya saa moja, hasa kwa mwenye figo dhaifu, potasiamu inaweza kupanda ghafla na mapigo ya moyo kuvurugika.

Ya liposomu ina njia yake. Kila kichupa kinapokea mililita 12 za maji ya sindano, kisha unatikisa kwa nguvu sekunde 30 papo hapo. Unapata mililita kama 12.5 zenye 4 mg kila moja. Kwa mgonjwa wetu wa kilo 50 ni vichupa 10, yaani mililita 125. Vuta dawa kwa bomba, kisha weka kichujio cha mikroni 5 kinachokuja kwenye boksi wakati wa kuiingiza kwenye mfuko, kichujio kimoja kwa kichupa kimoja. Watu huruka hatua hii kwa sababu vichujio kumi vinachosha mkono; tafadhali usiruke. Kwenye mfuko wa mililita 500 wa dekstrozi 5% jumla inakuwa mililita 625, yenye 0.8 mg kwa mililita, iliyo ndani ya mipaka ya 0.2 hadi 2. Angalia kwanza kama mfuko una nafasi. Kama hauna, punguza dekstrozi kwanza. Inapita kwa saa 2, kama matone 104 kwa dakika, na ianze ndani ya saa 6 tangu kuchanganywa.

Kama kuna anayesita kwamba dozi moja haitoshi: jaribio la AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe na kuchapishwa 2022, lililinganisha dozi hiyo moja pamoja na flusitosini na flukonazoli, dawa nyingine mbili za fangasi, dhidi ya siku 7 za ile ya kawaida pamoja na flusitosini. Vifo katika wiki 10 vilikuwa 24.8% kwa 28.7%, na madhara makali 50.0% kwa 62.3%. Kwa maoni yangu, penye liposomu na flusitosini hakuna sababu ya kumpitisha mgonjwa siku saba za ile nyingine.

Figo. Kabla ya kila dozi toa lita moja ya dripu ya chumvi yenye 20 mmol za potasiamu kloridi, kwa saa 2 hadi 4. Soma ampuli: mililita 10 za 15% ndizo zenye 20 mmol, mililita 10 za 10% zina 13 tu na ushei. Geuza mfuko mara kadhaa uchanganyike vizuri, maana potasiamu ikikaa chini inaingia yote kwa mkupuo. Kamwe usiisukume kwa bomba. Ongeza vidonge vya potasiamu na magnesiamu kwa mdomo. Bila magnesiamu, potasiamu hairudi hata umpe kiasi gani, na hilo ndilo husahaulika zaidi. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) na potasiamu mwanzoni kisha mara mbili kwa wiki, na damu kila wiki, kwa sababu ile ya kawaida hushusha hemoglobini. Potasiamu ikishuka chini ya 3.3 mmol kwa lita, ongeza ampuli ziwe mbili na upime kila siku. Kreatinini ikiwa maradufu ya ile ya mwanzo, daktari ataruka dozi moja au ataongeza dripu ya chumvi hadi lita moja kila saa 8, na figo zikitulia dawa hurudi kwa 0.7 mg kwa kilo.

Homa na kutetemeka ndani ya saa 1 hadi 3 ni kawaida kwa ile ya deoksikoleti. Parasetamoli gramu 1 nusu saa kabla husaidia wengi. Akitetemeka sana, punguza mwendo; pethidini, dawa kali ya maumivu, 25 mg polepole mshipani hukata mtetemeko. Waambie ndugu mapema, maana wakiona mgonjwa anatetemeka hivyo hudhani mmempa sumu na wengine huomba dripu ing'olewe. Kwa liposomu angalia dakika 5 za kwanza: maumivu ya kifua, mgongo au ubavu na pumzi kubana. Simamisha, mpe dawa ya mzio, na mara nyingi unaweza kuendelea taratibu akishatulia.

Mgonjwa akilalamika kichwa, usimchome diklofenaki ya kutuliza maumivu. Inaongeza mzigo kwenye figo zilezile, kama ilivyo antibiotiki ya jentamaisini, na haigusi chanzo. Kichwa hicho ni shinikizo la maji ya ubongo. Pima shinikizo kwa kutoboa uti wa mgongo. Likizidi sentimita 25 za maji toa mililita 20 hadi 30, lishuke chini ya 20 au nusu ya lilipoanzia, na urudie kila siku mpaka litulie. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, pia isitumike kama mazoea: jaribio la CryptoDex, lililochapishwa 2016, lilisimamishwa kwa sababu dawa hiyo iliongeza madhara.

Pamoja na ile dozi moja ya liposomu, flusitosini ni miligramu 100 kwa kilo kwa siku, imegawanywa mara nne, siku 14. Kilo 60 ni vidonge 3 vya 500 mg kila saa 6, hata usiku. Asiyemeza asagiwe apewe kwa mrija wa pua. Dozi hupunguzwa figo zikidhoofika, kwa sababu hutoka kwa njia ya mkojo na ikijaa hukausha uboho. Flukonazoli ni 1200 mg kwa siku kwa siku hizo 14, kisha 800 mg kwa wiki 8, kisha 200 mg. ARV kwa ambaye hajaanza zisubiri wiki 4 hadi 6. Andika tarehe hiyo kwenye kadi yake ya kliniki kabla hajaruhusiwa, kwa sababu kituo atakachoenda karibu na nyumbani huenda kikamwanzishia siku hiyohiyo.