Mtoto wa mbwa akifunga choo, anza na maji

Swali la wiki hii: mtoto wa mbwa akifunga choo, kuna msaada gani wa nyumbani usiomdhuru? Upo, na mwingi wake uko jikoni. Lakini kwanza hakikisha kwamba amefunga choo kweli. Mbwa anayeharisha naye huchuchumaa na kujikamua bila kutoa kitu, kwa kuwa utumbo umewaka hata ukiwa mtupu. Ukimpa cha kulainisha choo, unamzidishia. Angalia alichotoa mara ya mwisho. Vipande vikavu na vigumu ni kufunga choo; uteute, majimaji au damu ni jambo jingine, na kwa ambaye hajamaliza chanjo huenda ikawa parvo, ugonjwa usiongoja kesho.

Inua mkia pia. Kwa wenye manyoya marefu, kinyesi hukauka na kugandana na manyoya mpaka njia ikazibika. Loweka kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha punguza manyoya kwa mkasi wenye ncha butu. Usivute, ngozi ya pale huchanika upesi.

Umri ndio unaoamua kila kitu. Chini ya wiki 3 hivi, mtoto wa mbwa hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba ndipo haja itoke. Asiye na mama mfanyie kazi hiyo: chovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, mpanguse taratibu sehemu ya haja kila baada ya kunyonya mpaka atoe mkojo au choo. Hakikisha ana joto kabla ya kumnyonyesha, maana mwili ukipoa utumbo husimama na maziwa hubaki tumboni. Maziwa ya unga ya watoto wa mbwa yachanganywe kwa kipimo cha kwenye kopo. Yakiwa mazito kupita kiasi, choo hukauka.

Kwa aliyeanza kula, tatizo mara nyingi ni maji kidogo, ugali mkavu na mifupa. Mifupa iliyotafunwa hugeuka choo cheupe kama chaki, kigumu mno kwa utumbo mwembamba kama ule. Iache kabisa. Kwa siku, mtoto wa kilo 3 anahitaji takriban mililita 200 hadi 300 za maji, yakiwemo yaliyo ndani ya chakula, hivyo lainisha kila mlo kwa maji ya uvuguvugu au supu ya nyama isiyo na chumvi wala vitunguu. Vitunguu ni sumu kwa mbwa, hata vikipikwa.

Baada ya maji, boga. Lichemshe au lipike kwa mvuke bila sukari, chumvi wala nazi, ondoa ganda na mbegu, liponde. Kwa mbwa wa chini ya kilo 3, kijiko kimoja cha chai kwenye chakula, mara mbili kwa siku, kinatosha. Mkubwa zaidi, viwili. Ukizidisha ataharisha. Na usimpe boga huku bakuli la maji ni tupu: nyuzi hizo hufanya kazi kwa kunyonya maji, zikiyakosa choo huzidi kuwa kigumu. Kisha mtembeze dakika 10 hadi 15 baada ya kula, na umsugue tumbo kwa viganja vyenye joto, kwa mduara, bila kukandamiza.

Mafuta ya kupikia au ya parafini usimmiminie mdomoni. Yakipita njia ya hewa huharibu mapafu. Usimwingize sabuni nyuma, wala dawa za binadamu za kufungua choo. Baadhi ya zile za kupitishia nyuma zina fosfeti inayoweza kumuua mbwa mdogo. Maziwa ya ng'ombe si tiba: yakimfungua, ni kwa kumharisha, na anapoteza maji ambayo tayari hana.

Minyoo isisahaulike. Watoto wengi wa mbwa huipata wakiwa tumboni au kwenye maziwa ya mama, ndiyo maana dawa huanza wiki ya 2 na kurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 8 au zaidi. Ila ukiona tumbo limevimba na anatapika, usimpe dawa ya minyoo nyumbani. Minyoo mingi ikifa kwa pamoja inaweza kuziba utumbo.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo akitapika, akikataa chakula, akilegea, akilia anapojikamua, au kama huenda amemeza kamba, kitambaa au gunzi. Anayekula vizuri na kuchangamka mpe saa 24 za maji na boga, zisizidi 48 tangu choo cha mwisho. Aliyezaliwa juzi ambaye hajatoa choo kabisa usimsubiri: wapo wanaozaliwa bila tundu la haja, na hao ni wa upasuaji. Ukifika, mweleze daktari saa ya choo cha mwisho, alichokula, na tarehe ya dawa ya minyoo.