Mwaka ule jeshi halikuniita

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyeko kikosini huko kusini kaniandikia: "Shikamoo afande. Mke wangu amenuna tangu Krismasi, simu hapokei. Nilikuwa zamu. Nimwambie nini aelewe kwamba jeshi ni jeshi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ungeniuliza mwaka juzi ningekujibu haraka haraka: aliyekubali kuolewa na mwanajeshi alijua anaolewa na nani, atazoea. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa kuruta, na nilipopata V tatu za usajini mkononi nikawaambia vijana wengi tu, kwa sauti ya gwaride. Lakini Krismasi hii kuna jambo limetokea jikoni kwangu Marangu, Kilimanjaro, na siwezi kukujibu kabla sijakusimulia.

Nilivaa sare miaka 23, kuanzia 1998. Mimi ni Mchaga, na Mchaga Desemba anajulikana anakwenda wapi. Watu hututania kwamba tunakwenda nyumbani kuhesabiwa. Basi juzi nimekaa na kalamu nikajihesabu mwenyewe: katika Desemba zile 23, nyumbani nimehesabiwa mara saba. Zilizobaki nilikuwa "yuko kazini". Hata usharikani mzee wa kanisa alishaacha kuuliza.

Sisemi jeshi halina utu. Kwetu kikosini tulikuwa na mapatano yasiyoandikwa popote: Krismasi Waislamu wanashika lindo, Idi tunawalipa. Tatizo la Idi ni mwezi. Karani alilazimika kuandika orodha mbili za zamu, moja mwezi ukiandama leo na nyingine ukiandama kesho, na sisi Wakristo tulikuwa tunauchungulia mwezi kuliko waliofunga. Nimekula biriani nyingi nimesimama, zimeletwa lindoni kwenye hotipoti na mke wa mwenzangu. Mambo hayo nayakumbuka kwa furaha.

Mwaka 2013 nikaenda Kongo. Baraza la Usalama lilikuwa limepitisha azimio namba 2098 mwezi Machi, ikaundwa brigedi ya kujibu mashambulizi: sisi Watanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tulifika Goma mji wenyewe umekaa juu ya mawe meusi ya volkano ya 2002, usiku ukitazama juu unaona Nyiragongo inawaka nyekundu. Agosti tulipoteza meja wetu pale karibu na Kibati. Novemba waasi wa M23 wakasalimu amri. Sitasimulia mapigano, waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wameshasikia ya kuongeza chumvi.

Ninachokumbuka ni Kiswahili cha kule. Kisamvu wanaita sombe. Mama mmoja pembeni ya kambi akaniuliza kama nataka makala, nikamwambia sina muda wa kusoma, akacheka mpaka akakaa chini. Makala kwao ni mkaa. Usiku wa Krismasi ile nilitoka zamu saa tatu, nikapiga simu nyumbani nimsimulie mama watoto kituko hicho. Goma saa tatu, Marangu saa nne. Watoto walikuwa wamelala. Akaniambia kwa upole, "Mwakani piga mapema." Mwaka ule jeshi lilikuwa limenichukua kweli, na mke wangu hakulalamika hata siku moja. Hilo lishike.

Sasa 2017. Mwanzoni mwa Desemba nikapata likizo ndefu, mpaka Januari. Nikapanda basi Ubungo, nikashuka Himo na viatu vya watoto na kitenge. Tarehe 7 jioni waasi wakaivamia kambi ya wenzetu pale Semuliki, kule Beni, mashariki ya Kongo. Asubuhi yake redio zikatangaza: wanajeshi wetu wasiopungua 14 wameuawa. Majina hayakuwa yametolewa. Nilizunguka kihambani, shamba letu la ukoo, na simu mkononi nikitafuta mtandao, nikampigia huyu na yule. Usiku nikamwambia mama watoto nimeitwa kambini.

Sikuitwa.

Umeme ulikuwa umekatika. Saa tisa usiku aliamka, akawasha mkaa, akaninyooshea kombati kwa pasi ya mkaa, anapuliza majivu yasiangukie kola. Namwona mpaka leo. Asubuhi ilikuwa sikukuu ya Uhuru. Mabasi ya kutoka Dar yanapita yamejaa mpaka mlangoni, langu la kwenda Dar lina watu wasiofika kumi. Kila mtu anapanda mlima, mimi nashuka.

Ofisa wa zamu aliponiona akaniuliza, "Sajini, umefuata nini?" Nikasema nimekuja kuripoti. Akanitazama, akanionea huruma nadhani, akanipeleka stoo. Krismasi ile nilihesabu mablanketi.

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba ulikuwa uzalendo, kwamba sikuweza kula nyama wenzangu wakiwa kwenye majeneza. Kuna kipande cha ukweli hapo, sikikatai. Kipande kingine ni hiki: nyumbani nilikuwa sina kazi. Mbuzi alikuwa anapasuliwa na mdogo wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwepo miaka yote. Mtoto akiumia anakimbilia kwa mama yake huku mimi nimekaa hapo hapo. Nikiamsha watu saa kumi na moja alfajiri wananishangaa. Kambini nikipita, watu wanasimama. Msiba wa watu ukanipa sababu ya kukimbia, nikaichukua.

Krismasi hii alikuja kunitembelea mwenzangu wa zamani, mstaafu kama mimi. Tumekaa mlangoni mwa jiko na mbege, pombe yetu ya ndizi, mama watoto ndani anamenya ndizi za machalari. Mwenzangu akaanza vichekesho vyake. "Shemeji, huyu mumeo mwaka wa Semuliki alituchekesha! Ana likizo mpaka Januari, akarudi mwenyewe. Tukasema jamaa kafukuzwa nyumbani!"

Kisu kilinyamaza. Kisha mama watoto akasema, bila kugeuka, "Kwa hiyo hukuitwa." Nikasema sikuitwa. Akaendelea kumenya. Ndizi zilikuwa nyingi, wageni wengi, akazimenya zote.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujamfundisha mkeo kwamba jeshi ni jeshi, jihesabu. Chukua karatasi. Andika siku ulizochukuliwa na jeshi, halafu andika ulizojichukulia mwenyewe: zamu uliyojitolea, likizo uliyoikata, ile siku moja uliyobaki mjini na wenzako ukasema basi limeharibika. Mwambie ukweli. Zamu ya Krismasi ilikuwa ya kwako, au uliiomba? Kama ni ya kwako, mwambie. Kama uliiomba, mwambie pia, na usimtume mama yako akakuombee msamaha.

Na tarehe usiahidi. Sema "nikipewa ruhusa". Nimeona nyumba nyingi zikivunjika kwa tarehe kuliko kwa risasi. Mwambie ukweli wa tarehe, hata kama ni mchungu, kwa sababu mwanamke anayepika kwa ajili ya mtu asiyekuja anapika mara moja, mara ya pili anapika kidogo, mara ya tatu hapiki. Ninyi vijana mna simu za video, mnadhani mmeponea hapo. Hamjaponea. Mnaificha sare nyuma ya kamera na bado mnadanganya. Acheni. Nchi haijakutuma umdanganye mkeo, na bendera si shuka la kujifunikia. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi nilijifunika miaka minane.

Najua wengine mtasema nimewavua nguo wanajeshi. Nishani zangu ziko ukutani, sikuziokota.

Jioni ile ya Krismasi, wageni walipoondoka, nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba nikachuma jani la sale, ambalo Wachaga tunaombea msamaha, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa na wazee, nikampa kwa mikono miwili. Kwa mila yetu sale likiletwa halikataliwi, ila hakuna mila inayosema mtu ajibu lini. Alilipokea. Akaliweka juu ya kabati la vyombo, karibu na pasi ile ya mkaa ambayo siku hizi haitumiki. Akaniuliza kama nimefunga mbuzi waliobaki.

Nilikuwa sijawafunga. Nikatoka na tochi.