Maswali na Majibu: Dansa Anayetaka Kuimba, Mwigizaji Mwenye Wimbo Mkononi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana wanaoshika sanaa mbili au tatu kwa mpigo. Tumechagua sita na kuzifupisha.

*Habari za kazi. Nina miaka 22, huu ni mwaka wa tatu nacheza nyuma ya wasanii wa Bongo Fleva. Nataka kuimba na kuigiza pia, ila wenzangu wananiambia nichague moja nisije nikakosa yote. Nianzie wapi?*
— Dansa, Mbagala

Usiliache jukwaa linalokulisha. Hao wanaosema chagua moja wanasahau kwamba kwetu kuvuka ni jambo la kila siku. Shilole na Snura walijulikana kwenye filamu kabla ya kushika maiki. Idris Sultan alishinda Big Brother Africa mwaka 2014, na leo anajulikana kwa uchekeshaji na filamu. Tanzania House of Talent (THT), ya marehemu Ruge Mutahaba, iliwafundisha vijana kuimba na kucheza chini ya paa moja, na huko ndiko walikopita Barnaba, Mwasiti, Linah na Nandy. Kosa ni kuanza yote siku moja.

Mwaka wa kwanza ongeza kitu kimoja tu, na kwa dansa kilicho karibu ni kuimba. Jipime hivi: washa biti ya wimbo wako, kimbia papo hapo kwa kasi ya biti, imba wimbo mzima, jirekodi kwa simu. Kisha sikiliza mwisho wa mistari, maana pumzi hukatika hapo. Dawa yake si kuimba kwa nguvu zaidi, ni kubadili hatua. Miruko na mizunguko iweke mahali ambapo sauti yako imenyamaza au kiitikio kinabebwa na waitikiaji. Mistari mirefu iimbe miguu ikiwa imetulia, mabega na mikono vikifanya kazi. Wengi hupanga densi kwanza, halafu wanashangaa kwa nini lazima waimbie juu ya sauti ya studio kila shoo.

Kwenye kuigiza utakwenda na faida moja na kasoro moja. Faida ni kwamba mwili wako unakumbuka: dairekta akirudia sini mara nane, na kila mara akutake ushike kikombe kwa mkono uleule kwenye neno lilelile, hutahangaika. Kasoro ni kwamba umezoea kumchezea mtu wa kiti cha mwisho. Kamera ikiwa mita moja na nusu kutoka usoni pako, nyusi zikipanda kidogo tu skrini nzima imepanda.

Tengeneza video tatu za kujitambulisha, kila moja sekunde 60 hadi 90: ya densi, ya kuimba, ya kuigiza. Usizichanganye. Anayetafuta mtu wa kucheza mke wa mchungaji hatavumilia sekunde 40 za mauno ndipo akuone ukiongea. Na jina liwe moja kila mahali, kwenye nyimbo, mitandao na orodha ya washiriki mwishoni mwa filamu, kwa tahajia ileile.

*Nimetumiwa kurasa mbili za skripti ya tamthilia, nijirekodi kwa simu na kutuma ndani ya siku mbili. Nipo Morogoro, sina kamera. Wanaangalia nini hasa?*
— Msomaji, Morogoro

Simu inatosha. Wanaangalia macho yako na wanasikiliza maneno. Mengine yote ni kuhakikisha hivyo viwili havizuiwi na kitu.

Ilaze simu ubavu, picha iwe pana, isisimame wima. Iweke kimo cha macho yako juu ya rundo la vitabu au ndoo iliyopinduliwa, umbali wa mita moja na nusu, picha ikukate kifuani. Simama mbele ya ukuta mtupu, hatua moja mbele yake ili kivuli kisikugande mgongoni. Dirisha liwe mbele yako. Likiwa nyuma utatoka mweusi na ukuta utang'aa. Zima feni na friji: sikio la chumbani limeshazoea mngurumo huo, lakini simu inaunasa wote.

Mtu wa kukusomea sehemu ya mhusika mwingine asimame karibu kabisa na simu, upande mmoja, na asome kwa sauti ya chini kuliko yako. Wewe mtazame yeye, usitazame lenzi. Mkisoma kwa sauti sawa, yeye ndiye atakayesikika zaidi kwa sababu yuko karibu na maiki, na hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote.

Anza kwa kujitambulisha: jina, urefu, mji uliopo. Hapo tazama lenzi. Kisha fanya sini mara mbili kwa namna mbili zilizotofautiana kweli. Kama ni ugomvi wa mume na mke, ya kwanza mkabili. Ya pili ongea taratibu kama mtu aliyekwisha kufungasha nguo. Usiweke muziki wala maandishi. Faili lipe jina lako na la mhusika, na usilitume kama video ya kawaida ya WhatsApp maana inabanwa na uso unafifia. Litume kama dokumenti, au kiungo cha Google Drive kilichofunguliwa kwa kila mwenye kiungo. Watu hukosa kazi kwa sababu mtafutaji aliombwa ruhusa ya kufungua faili saa sita usiku, akapita kwa anayefuata.

*Nimepata nafasi kwenye tamthilia, malipo ni kwa kila kipande. Mkataba unasema "nisijihusishe na kazi nyingine yoyote ya sanaa" mpaka msimu uishe. Pia wameupenda wimbo wangu, wanataka uwe wimbo wa kufungulia, na haki zote ziwe zao. Mimi ni mwimbaji pia, nina shoo. Nisaini?*
— Mwigizaji, Dodoma

Usisaini leo, wala usikatae. Barua yako ina mikataba miwili iliyofungwa kamba moja. Ifungue.

Tuanze na kuigiza. "Kazi nyingine yoyote ya sanaa" ni maneno mapana mno kwa mtu mwenye shoo. Wanachohofia wao ni vitu viwili: uonekane kwenye tamthilia ya mshindani, au usipatikane siku ya kurekodi. Basi waandikie hivyo hasa: hutaigiza tamthilia nyingine ya televisheni msimu ukiendelea, na siku za kurekodi zitakuwa zao kwanza mradi ratiba ikufikie siku saba kabla. Muziki, shoo na matangazo ya redio vitajwe kwa jina kwamba vinaruhusiwa. Mzalishaji makini hukubali, maana hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Malipo kwa kipande yana mtego wa hesabu. Tuseme kipande ni shilingi 100,000 na umo katika vipande kumi: milioni moja. Vipande hivyo vikirekodiwa kwa siku nne, umelipwa 250,000 kwa siku. Vikitawanywa siku ishirini, ni 50,000, na humo mna nauli, na shoo ulizozikataa. Kwa hiyo taja idadi ya juu ya siku, na kiasi cha kuongezwa zikizidi. Taja pia siku ya kulipwa. "Baada ya kurushwa" ni hatari, kwa sababu kituo kinaweza kusogeza tarehe na wewe huna la kufanya; dai sehemu ulipwe ukimaliza kurekodi. Ukilipwa kama mtoa huduma, utakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti chake, ndicho kinachoonyesha TRA kwamba kodi hiyo ilishakatwa.

Kuna jambo ambalo mkataba hauliandiki kwa herufi kubwa: nywele. Sini za siku moja ya hadithi zinaweza kurekodiwa wiki tatu mbali. Ukisuka rasta kwa ajili ya video yako ya muziki katikati, utaingia jikoni na msuko wa twende kilioni na kutokea sebuleni na rasta. Panga video kabla msimu haujaanza kurekodiwa au baada, au kubaliana na mtu wa mwendelezo, yule anayehakikisha mwonekano unafanana sini hadi sini, juu ya wigi.

Sasa wimbo. Wimbo una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi, yaani sauti iliyotoka studio. Tamthilia haihitaji kumiliki hata moja. Inahitaji ruhusa ya kuutumia. Andika ruhusa hiyo: wimbo gani, tamthilia gani, msimu upi, kwenye televisheni na mitandao yao, nchi zipi, miaka mingapi, kwa kiasi gani. "Haki zote, milele" maana yake siku utakapotaka kuuweka kwenye albamu yako utaomba ruhusa ya kuimba wimbo ulioutunga mwenyewe. Kumbuka pia kwamba kama prodyuza wako ana sehemu yake, sahihi yako peke yako haitoshi. Hilo linatuleta kwenye barua inayofuata.

*Nililipa studio pesa yote. Wimbo umeanza kufanya vizuri, prodyuza anasema biti ni yake na anataka nusu. Nani ana haki?*
— Msanii, Arusha

Kaka, kulipa saa za studio ni kama kulipa fundi na cherehani yake: hakukupi umiliki wa mtindo aliobuni, ila kama mlikubaliana hivyo. Aliyeunda biti ana haki kwenye alichokiunda, na wewe kwenye maneno na melodi uliyoileta. Nusu kwa nusu ni mapatano ambayo wengi huyafikia, lakini si amri. Kama ulimpa malipo ya kununua biti moja kwa moja na kuna ujumbe unaosema hivyo, utafute hata kama ni wa WhatsApp.

Kwa wimbo ujao, karatasi ya mgawanyo isainiwe studio, kabla hamjaondoka. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, tarehe, jina halisi la kila mshiriki, nani alifanya nini, asilimia ya kila mmoja zikijumlishwa ziwe 100, za utunzi na za rekodi kando kando. Kusubiri wimbo uvume ndipo mgawane ni kugawana mbele ya meza iliyokwisha kuandaliwa. Kila mtu ana njaa.

Ondoka na mafaili yote pia: wimbo uliokamilika kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti bila sauti, na biti yenye waitikiaji bila sauti kuu. Hilo la mwisho ndilo vituo vya televisheni na matamasha huomba ukienda kuimba, na MP3 iliyotumwa kwa simu hulia vibaya kwenye spika kubwa. Msambazaji wako wa mtandaoni atakupa namba ya ISRC, herufi na tarakimu 12, utambulisho wa rekodi hiyo. Ukihamia msambazaji mwingine hamia nayo. Ukichukua mpya, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri.

Na usichanganye ofisi: BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, inakutambua wewe kama msanii; COSOTA, ofisi ya hakimiliki, inasajili kazi yako. Kuwa na kimoja si kuwa na kingine.

*Shikamooni. Binti yangu ana miaka 12, wanamtaka kwenye tangazo na baadaye tamthilia. Naogopa kumnyima, naogopa kumwachia.*
— Mama, Tanga

Marahaba, mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na kazi iwe nyepesi isiyoharibu masomo. Binti yako hajafika umri huo. Tangazo la siku moja ni kitu kimoja, tamthilia ya miezi ni kingine kabisa. Mwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya kabla ya kukubali lolote, hasa hiyo ya pili. Mkataba usaini wewe. Uwepo lokesheni muda wote, si nje getini. Saa za kuanza na kumaliza ziandikwe, siku za shule ziachwe, pesa iingie akaunti ya mtoto. Usaili halali haulipiwi, na haufanyiki kwenye chumba cha hoteli. Wakikuambia mzazi anamfanya mtoto aone aibu, mchukue mtoto mwondoke.

*Tunafanya mazoezi juu ya saruji, mifupa ya mbele ya miguu inauma. Sauti nayo imekauka, na wiki ijayo nina shoo.*
— Dansa na mwimbaji, Mombasa

Saruji hairudishi chochote. Kila mruko unaishia kwenye mguu. Tandikeni mbao za plaiwudi juu ya mikeka ya mpira, na miruko fanyeni siku mbili kwa wiki tu, siku nyingine mkariri hatua kwa kutembea. Bonyeza mfupa kwa kidole: maumivu yaliyotambaa mfupa mzima hupungua kwa kupumzika. Yakiwa sehemu moja ndogo kama sarafu, na yanakuamsha usiku, acha kucheza ukapigwe picha, huenda ni ufa.

Sauti: kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, si chupa nzima dakika kumi kabla ya kupanda. Jifukize mvuke wa maji matupu. Usinong'one, kunong'ona kunaikamua koo zaidi ya kuongea taratibu. Ikiwa imekwaruza zaidi ya wiki tatu, mwone daktari wa koo. Kwa shoo ya wiki ijayo mwombe mpiga kinanda ashushe ufunguo nusu toni au toni nzima, na mazoezini cheza bila kuimba hadi siku mbili za mwisho.