Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Kando ya Mabwawa, Mbali na Magari

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu ni wenyeji wa Tanga, na sasa tunaishi Birmingham, Uingereza. Mwaka huu tumenunua baiskeli za safari zenye keria mbele na nyuma, nasi tungependa kwenda kulala siku mbili au tatu kwenye nyanda za juu zenye mabwawa. Mke wangu alijifunza baiskeli ukubwani na anaogopa magari, hasa malori. Je, ipo njia ya kulizunguka bwawa lote bila kukutana na gari, na je, milima haitatushinda tukiwa na mizigo? – Msomaji, Birmingham.

JIBU: Ndugu msomaji, ukifungua bomba la jikoni kwako, yaelekea maji unayoyakinga yametoka huko huko ninakotaka kukuelekeza. Tangu mwaka 1904 Birmingham imekuwa ikinywa maji ya mabwawa ya Bonde la Elan, katikati ya Wales, ambayo husafiri takriban kilomita 118 kwa mteremko peke yake, bila kusukumwa na pampu. Nimeanza na habari ya maji kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lako la milima.

Sheria iliyoruhusu ujenzi ilipitishwa mwaka 1892, na mhandisi aliyeusimamia aliitwa James Mansergh. Kwa kuwa mawe na saruji nyingi kiasi kile zisingeweza kufikishwa kwa mikokoteni, jiji la Birmingham lilijenga reli yake lenyewe, kutoka karibu na mji mdogo wa Rhayader hadi kwenye kuta zilizokuwa zikijengwa. Garimoshi lenye shehena ya mawe haliwezi kupanda mlima mkali, basi mafundi walichonga ubavu wa vilima na kupasua miamba ili njia ipande polepole. Kazi ilipokwisha reli iling'olewa, na tuta lake ndilo linalotumiwa leo na wenye baiskeli, waendao kwa miguu na wapanda farasi. Lina urefu wa kilomita 14 na nusu hivi, kutoka Cwmdauddwr, nje kidogo ya Rhayader, hadi ukuta wa bwawa la juu kabisa, Craig Goch, na katika urefu wote huo mwinuko wake ni kama mita 100 tu. Baiskeli iliyobeba hema na sufuria inataka njia ile ile iliyotakwa na garimoshi, kwa hiyo msiwe na hofu ya milima. Kuhusu magari, mkeo atayaona ng'ambo, kwenye barabara inayokwenda sambamba na njia hiyo, nanyi mtaikatiza barabara mahali pachache tu.

Wazo la kulizunguka bwawa lote, hata hivyo, nakushauri uliache. Mabwawa ya Elan yamepangana kama ngazi ndani ya bonde jembamba: Caban Coch chini, kisha Garreg Ddu, Pen y Garreg, na Craig Goch juu. Hakuna mzunguko kamili usiokuwa na magari, na anayeulazimisha hujikuta ama barabarani ama akisukuma baiskeli kwenye matope. Pandeni kwa tuta la reli na mrudi kwa tuta hilo hilo. Wala hamtachoka kuiona njia moja mara mbili, kwa maana kule upepo huvuma zaidi kutoka magharibi, nao utakaowapiga usoni asubuhi ndio utakaowasukuma mgongoni wakati wa kurudi.

Sehemu ya chini, hadi kijiji cha Elan na kupita, ina lami. Kadiri mnavyopanda mtakuta changarawe na mawe, hasa baada ya Pen y Garreg, ambako reli ilipenyezwa katika mkato wa mwamba mtupu. Tairi za upana wa milimita 35 au zaidi zitatosha, ila nyembamba za mashindano zitawapa pancha. Huko juu miti huisha, na mtaona nyika ya nyasi za kahawia juu ya udongo mweusi wa mboji ulioloa kama sifongo; aliyewahi kupanda Kilimanjaro atakumbuka ukanda ulio juu ya msitu. Mvua hapo hufika takriban milimita 1,800 kwa mwaka, na ndiyo iliyowavuta wahandisi. Chukueni makoti ya mvua hata Julai, wala msiichukie mvua yenyewe, kwani bwawa likijaa maji humwagika juu ya ukuta mzima kama pazia jeupe, na mimi ningeahirisha safari wiki moja ili nilione hilo.

Mambo machache ya safari. Rhayader haina kituo cha reli. Mtapita Shrewsbury na kushuka Llandrindod Wells, ambako treni ni chache na nafasi za baiskeli ni haba, kwa hiyo ulizeni mapema. Kutoka hapo hadi Rhayader ni kama kilomita 20 za barabara yenye magari, na kwa ajili ya mkeo ni heri mkodi gari la kubebea baiskeli kwa kipande hicho. Hema lipigeni kwenye kambi ya mjini, maana kulala popote bila idhini ya mwenye ardhi hakuruhusiwi. Mkiteremka, shikeni breki mapema na kupiga kengele, kwa kuwa kondoo wa huko hutembea bila mchungaji na hawampishi mtu.

SWALI: Mimi niko Sheffield na ninataka mzunguko kamili, hata kama ni mgumu. Nifanyeje? – Msomaji, Sheffield.

JIBU: Wewe una bahati, kwa maana mabwawa ya Derwent na Howden yako karibu nawe. Shuka treni Bamford na ushike Thornhill Trail, nayo pia tuta la reli ya wajenzi, hadi ukuta wa Ladybower, bwawa la tatu lililo chini ya hayo mawili, kisha uende Fairholmes, kituo cha wageni karibu na ukuta wa Derwent. Kutoka Fairholmes mzunguko ni kilomita 16 hivi. Nenda mwisho wa juma, kwani siku hizo barabara ya upande wa magharibi hufungwa kwa magari kuanzia hapo. Barabara ikiisha, njia ya udongo itakufikisha mahali paitwapo Slippery Stones, juu ya bwawa la Howden, kwenye daraja la mawe lililokuwa katika kijiji cha Derwent. Lilibomolewa jiwe kwa jiwe kabla kijiji hakijafunikwa na maji ya Ladybower, likajengwa upya hapo. Pumzika darajani, upunguze upepo kidogo kwenye matairi, kwa kuwa kurudi kwa upande wa mashariki ni mawe na madimbwi, na mikoba isiyofungwa vizuri huachwa njiani.